Tatu kwa Moja

Jumapili gesi imekwisha, na mama yangu ana hamu ya visheti.
Hasemi. Anauliza tu,
"Hivi yule wa Majengo bado anakaanga?"
na mimi najua swali hilo lina shira ndani yake.

Muuguzi wa Makole alimwambia mwezi wa nne,
akiandika kwenye daftari bila kuinua kichwa:
sukari ya kopo, hapana. Soda, hapana. Visheti, usahau.
Mama akalikunja daftari mara nne
kama anayekunja barua ya deni.

Mimi ni fundi wa lipu. Juma zima niko Mtumba,
napaka kuta za ofisi ambazo viti vyake sitavikalia.
Ninachokijua ni uwiano:
mchanga tatu, saruji moja, maji kwa jicho.
Ukizidisha maji, ukuta unalia.
Ukiyapunja, unapasuka.

Basi nimeketi jikoni. Semeni kaenda kwao Kondoa.
Nyemo anashika kinu kisitembee.
Karanga za Kongwa, vikombe vitatu,
zimekwisha kukaangwa na mama mmoja wa stendi,
kwa hiyo moto ulishapita hapa, ila haukuwa wangu.
Zabibu kavu za Hombolo, kikombe kimoja,
zile ndogo zilizokataliwa kiwandani;
Chilongola akazianika juu ya bati
akazifunika chandarua, nyuki wasimalize.
Chumvi, ncha ya kijiko.
Unga wa ubuyu kidogo, ule mchachu,
maana utamu usio na ukakasi ni porojo.

Twanga.
Mchi una sauti yake: kwanza kavu, kama kokoto,
halafu nzito,
halafu karanga zinatoa mafuta na kinu kinanyamaza.
"Baba, linashika!"
Linashika. Nalibonyeza kwa dole gumba
kama ninavyoujaribu ukuta kabla ya kuulainisha.

Tunaviringa vidonge.
(Mama ana vidonge vingine, vyeupe, kwenye bahasha ya kaki.
Hivyo havina atakayeviomba.)
Vyangu vyote sawasawa, mkono umezoea.
Vya Nyemo, kimoja goroli, kimoja yai la kanga,
kimoja kina pua, anasema huyo ni Bibi.
Tunavigaragaza kwenye ufuta aliotuachia Semeni.
Jokofu hatuna. Lakini huu ni mwezi wa saba, Dodoma,
upepo unapita chini ya mlango ukiwa na meno,
na sakafu hii niliimwaga mwenyewe.
Sinia chini. Khanga juu.
Subira.

Mama anakuja, anainama, anafunua.
"Kitu kisichoona moto ni chakula,
au ni ule udongo wa wajawazito?"
Anachukua chenye pua.
Anatafunia upande mmoja, upande wenye meno.
Anatafuna muda mrefu.
Nyemo amesahau kufumba mdomo.

Hasemi kitamu. Anasema,
"Mwaka ule wa njaa tulitwanga mtama hivi.
Baba yako akafukua asali ya nyuki wadogo.
Tulikula tumesimama."
Kisha anajipangusa ufuta kidevuni
na kuuliza kama Semeni atarudi kesho au keshokutwa.

Viwili kwa siku, namwambia.
Zabibu nayo ni sukari, tusidanganyane,
muuguzi alilisema na hilo.
"Viwili," anasema,
kwa sauti ya mtu anayeweka sahihi.

Usiku nasikia kifuniko cha bakuli.
Kimya.
Kifuniko tena, taratibu, kama mlango wa mgonjwa.

Asubuhi nahesabu. Tuliweka ishirini na vitatu.
Vipo ishirini na vitatu.
Ila vyangu, vile vya sawasawa,
vimepungua vyote, kila kimoja kidogo tu,
vikaviringwa upya,
na juu ya kila kimoja
kuna alama ya kidole kisicho changu.